Deni la Mpiga Picha

Juma hili nitayaweka kando mambo ya jiko na ya sare za watoto, niwasimulie habari ya kamera. Msiharakishe kufungua ukurasa mwingine kwa kudhani kwamba hayo ni mambo ya wenye fedha. Sijaona bado nyumba ya askari isiyokuwa na bati la biskuti au bahasha kuukuu iliyotiwa picha, na siku bati hilo lifunguliwapo, hata chungu husahauliwa mekoni. Habari yangu yahusu bati hilo, na yahusu zaidi zile picha ambazo zingepasa kuwamo ndani yake na hazimo.

Waijuao Bujumbura wanaifahamu Zone Industrielle, upande wa ziwani, kati ya bandari na mitaa ya mafundi ya Buyenzi. Siku za kazi mtu hapati kuisikia sauti yake mwenyewe: malori yatoka bandarini, mashine zanguruma, na harufu ya kimea kutoka kiwanda cha bia huletwa na upepo. Lakini Jumamosi alasiri, baada ya kazi za asubuhi za jumuiya, kimya huingia. Hapo ndipo katika ua wa ghala moja dogo hukutana watu sita wenye ugonjwa mmoja: wanapenda kamera za zamani za filamu, zile zenye kipima-umbali ndani yake. Mimi si fundi wa kamera. Nilipelekwa huko na shemeji yangu, koplo wa polisi, nikakaribishwa chai na maandazi, na tangu siku hiyo nimekuwa mgeni asiyebisha hodi.

Desturi yao ni hii: kila mmoja huja na picha alizozisafisha mwenyewe, akazitandaza juu ya mkeka. Picha hupita mkono kwa mkono, zikishikwa kwenye pembe tu ili zisipate alama za vidole. Kisha huanza ubishi. Yupo mfanyabiashara wa vipuri mwenye Leica M3 na lenzi ya Summicron. Huyu tumemwita Mzee wa Leica. Yupo mstaafu wa bandari mwenye Zorki-4 na lenzi ya Jupiter-8, aliyoletewa na kaka yake aliyesoma Moscow. Huyo ndiye Mzee wa Zorki. Wa kwanza hushikilia kwamba lenzi yake huuhesabu hata unywele mmoja mmoja. Wa pili hujibu kwamba mchagua jembe si mkulima. Miaka mingi imepita na hakuna aliyemshinda mwenziwe.

Pengine msomaji atauliza: kamera hizi zatofautianaje na nyingine? Askari wa mizinga hawahitaji somo refu hapa. Nyoosha mkono wako, simamisha kidole gumba, kisha fumba jicho la kulia, halafu la kushoto. Utaona kidole charuka huku na huku; na kadiri kinavyokuwa karibu na uso, ndivyo kinavyoruka zaidi. Kwa kanuni hiyo hiyo mizinga na manowari zilipimiwa umbali wa shabaha. Kamera ya aina hii ina vidirisha viwili. Mpigaji akichungulia, huona taswira mbili za kitu kimoja, naye huizungusha lenzi hadi taswira hizo zilaliane na kuwa moja. Zikilaliana, umbali umepatikana. Kadiri vidirisha vinavyoachana ndivyo kipimo kinavyokuwa sahihi: katika Leica za zamani za skrubu viliachana karibu sentimita 4, katika M3 karibu 7, na katika Contax II kama 9.

Nasaba ya kamera hizo nayo ina mafunzo. Leica ilibuniwa na Oskar Barnack katika mji wa Wetzlar, Ujerumani, ikaanza kuuzwa mwaka 1925. Ilipofika 1932 ikatiwa kipima-umbali kilichounganishwa na lenzi, na mwaka huo huo kampuni ya Zeiss Ikon ikatoa Contax yake. Mwaka 1934 vijana wa jumuiya ya malezi mjini Kharkov walianza kuunda kamera kwa mfano wa Leica, wakaiita FED. Polisi wanaosoma ukurasa huu watafurahi kusikia kwamba herufi hizo tatu ni za jina la Felix Edmundovich Dzerzhinsky, mwasisi wa polisi ya siri ya Kisovieti! Zorki ikaifuata FED mwaka 1948. Baada ya vita, mitambo ya Contax ilichukuliwa kutoka Ujerumani ikapelekwa Kiev, na kamera ya jina hilo ikaanza kutoka 1947. Hata Jupiter-8 asili yake ni Sonnar ya Zeiss. Kwa hiyo wazee wetu wawili, waliodhani kwamba wanagombana Mjerumani na Mrusi, kumbe walikuwa wakishindanisha Wajerumani wawili.

Aliyeukata ubishi ni mama mwenye ghala. “Baba zangu,” alisema, “mnabishana kama watu wanaoonja supu mbili kutoka masufuria mawili, moja ya mbuzi na nyingine ya samaki. Pikeni kitu kimoja.” Wakakubali. Wakamkalisha mama mkwe wake, bibi wa miaka themanini na ushei, kivulini penye ukuta wa ghala. Kila kamera ikatiwa filamu ya aina moja, ikawekwa juu ya kigoda kimoja cha miguu mitatu, mita 1 kutoka jicho la bibi, iliyopimwa kwa utepe wa fundi cherehani. Kila mzee akapiga picha mbili: moja kwa tundu namba 2, ambalo ndilo kubwa kabisa katika lenzi zote mbili, na nyingine kwa tundu namba 8. “Mnanipima kama mwizi kituoni,” akalalamika bibi, na shemeji yangu akacheka mpaka chai ikamwagika.

Nieleze kidogo maana ya tundu hizo. Kwa lenzi ya milimita 50, mtu akiwa mita 1, tundu namba 2 huacha unene wa kama sentimita 5 tu ulio wazi. Kilicho mbele ya hapo au nyuma ya hapo huwa na ukungu. Kwa tundu namba 8 unene huo hufika kama sentimita 19. Ndiyo kusema, kosa dogo la kupima umbali litafichwa na tundu dogo, bali tundu kubwa litalitangaza.

Filamu zote mbili zilisafishwa katika chombo kimoja, kwa dawa moja. Maji ya bomba ya Bujumbura huwa na joto kupita nyuzi 20 zinazotakiwa, basi chupa za dawa zilikalishwa katika beseni la barafu mpaka kipimajoto kikatulia. Jumamosi iliyofuata picha zilitandazwa, nyuma zikiwa na namba tu, na waamuzi wakawa ni akina mama wa ua ule pamoja na bibi mwenyewe.

Kwa tundu namba 8 hakuna aliyeweza kutofautisha. Huyu alitaja hii, yule akataja ile, mpaka wazee wenyewe wakakosea kuzitambua zao. Kwa tundu namba 2 mambo yalikuwa mengine. Picha moja ilikuwa laini pembeni, lakini macho ya bibi yaling'aa, na makunyanzi yake yangeweza kuhesabiwa. Katika picha ya pili macho yalikuwa na ukungu, ila hereni yake ilikuwa wazi kama iliyopigwa msasa. Zilipogeuzwa, ya macho ilikuwa ya Zorki; ya hereni ilikuwa ya Leica.

Mzee wa Leica akabadilika rangi. Lakini mwalimu mmoja wa fizikia, aliye katika kundi hilo, akasimama kumtetea. Akaichukua M3, akaielekeza kwenye mlingoti wa simu ulio mbali sana, akaizungusha lenzi mpaka mwisho wa safari yake. Taswira mbili za mlingoti zilipasa kulaliana, zikawa zimeachana. Lenzi haikuwa na kosa lolote. Kipima-umbali ndicho kilichokuwa kimeteguka, na mwenyewe akakumbuka kwamba kamera ilipata kuanguka kutoka kiti cha gari. Miaka miwili alikuwa akiisifu lenzi ambayo hajaona kazi yake kamili hata mara moja.

Tulikuwa tungali tukicheka alipoingia mama mmoja aliyekuja kuuza ndagala. Alizitazama picha za bibi kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia Mzee wa Zorki, akamwambia kwa adabu: “Shikamoo mzee. Wewe si ndiye uliyekuja nyumbani kwetu mwaka 2013, siku tulipokuwa tukimuaga baba watoto kwenda Somalia?”

Mzee akaitikia, akasema ndiye.

“Ulitupiga picha.”

“Niliwapiga.”

“Sasa, mzee, ulizipeleka wapi?”

Hakuna aliyejibu, nami nitawaambieni sababu. Picha moja ya siku ile wote tuliijua. Ilikuwa imepita juu ya mkeka ule mara nyingi: askari kijana amesimama mlangoni, nuru imemwangukia ubavuni, na nyuma yake migomba imeyeyuka kama moshi. Mzee wa Zorki aliitumia kama ushahidi wake mkuu wa uzuri wa Jupiter. Tulikuwa tumeijadili migomba ile, na pembe za picha, na weusi wa kivuli. Katika miaka yote hiyo hatukuuliza hata siku moja kama yule kijana alirudi.

Hakurudi. Mjane wake alikuwa na picha moja tu, ile ndogo ya kitambulisho, na mtoto wao wa mwisho alizaliwa baba akiwa ameshaondoka.

Mzee akaenda nyumbani kwake jioni ile ile kutafuta filamu yenyewe. Hapo ndipo kosa la pili lilipoonekana. Alikuwa na makasha matatu ya viatu yaliyojaa filamu, kila moja katika bahasha safi, na juu ya kila bahasha ameandika kwa makini: “Jupiter-8, tundu 2,” au “Jupiter-12, tundu 4.” Jina la mtu hakuna, mahali hapana, mwaka haupo. Aliijua lenzi ya kila picha, asimjue mwenye uso. Ilimbidi yeye na mwalimu wakeshe siku mbili, wakizinyanyua filamu mbele ya taa moja baada ya nyingine, kabla ya kuipata.

Ndani ya filamu ile mlikuwa na picha tano za nyumba ile, ambazo nne hazikupata kuchapwa. Mzee alizikataa kwa sababu ya kasoro. Katika mojawapo mume na mke wamesimama pamoja, mume anacheka hata amefumba macho, mke ametikisika kidogo, na juu ya ukuta pana doa jeupe. Doa hilo lina historia yake. Kamera hizi hazina kioo mbele ya filamu. Zina pazia la kitambaa. Mwenye kuiacha lenzi wazi ikilitazama jua hufanya kama watoto wanaochoma karatasi kwa kioo cha kukuzia: pazia hutoboka, na kila picha inayofuata huwa na doa. Mzee aliiacha Zorki yake juu ya ukuta wa ufukweni jua lilipokuwa likishuka, na hakujua mpaka aliposafisha filamu hiyo.

Walizichapa zote tano kwa ukubwa wa sentimita 13 kwa 18. Doa lile mwalimu alilijaza kwa wino mwepesi na brashi nyembamba. Jumamosi mjane alikuja na mwanawe. Ile picha maarufu ya mlangoni aliitazama, akashukuru, akaiweka chini. Aliyoishika ni ile ya kucheka, iliyotikisika. Mtoto naye aliinama juu ya ile ya mlangoni, akaitazama sana, kisha akauliza kama baba yake alikuwa mrefu kuliko mlango. Mama yake akajibu: “Aliinama kila alipoingia.”

Mzee wa Leica, ambaye mara zote ndiye msemaji, siku ile aliomba ruhusa akatoka nje kuiangalia gari yake.

Tangu hapo kundi lile limejiwekea sheria, nami naona yafaa kila nyumba ijiwekee. Picha ya kwanza kuchapwa ni ya aliyepigwa. Ya pili ndiyo ya mkeka wa ubishi. Aidha, nyuma ya kila picha huandikwa kwa kalamu ya risasi, taratibu, jina la mtu, mahali, mwaka na sababu ya siku hiyo. Wino wa kalamu ya kawaida hupenya au hupaka picha iliyo juu yake. Mambo ya lenzi yaandikwe mwisho, kama nafasi imebaki. Na askari hana haja ya kukumbushwa kwamba habari za kikosi zisizopasa kutangazwa haziandikwi nyuma ya picha, wala bandari na kambi hazipigwi bila ruhusa.

Msidhani kwamba kuandika huko ni kazi ya bure. Mwaka 2015 nchini Uganda, katika shirika la utangazaji la taifa, ziligunduliwa filamu kama 70,000 zilizopigwa na wapiga picha wa serikali, nyingi zikiwa za miaka ya Idi Amin. Zilikuwa zimewekwa katika bahasha zilizoandikwa tarehe na jambo lililopigwa. Kwa ajili ya maandishi hayo machache, mwaka 2019 Jumba la Makumbusho la Uganda mjini Kampala liliweza kuwaonyesha wananchi picha hizo wakajua ni za lini na za nini. Kama karani asiyejulikana asingeandika, leo zingekuwa sura za watu wasio na habari.

Nao wenye kamera za zamani nyumbani, za baba au za babu, wasizitupe wala wasiziuze kwa haraka. Kwanza zipimeni kama alivyofanya mwalimu: elekezeni kwenye mlingoti wa mbali, kisha kwenye gazeti lililobandikwa ukutani mita 1 kutoka alama ya filamu. Kama taswira hazilaliani, mpelekeeni fundi, msiilaumu lenzi. Katika Zorki na FED, vuteni filamu kwanza ndipo mgeuze namba za kasi, maana kinyume chake chaweza kuharibu mitambo. Kila mvutapo filamu, tazameni kama kifundo cha kurudishia chazunguka. Kisipozunguka, huenda filamu haikushika, na mnapiga picha za hewa. Wala msisahau kifuniko cha lenzi. Katika kamera hizi mtu huchungulia kwenye kidirisha cha pembeni, basi yaweza kupigwa harusi nzima na kifuniko kikiwa mahali pake. Msicheke, Mzee wa Zorki amenihakikishia kwamba ndugu za bibi harusi hawacheki. Tena msiwe wepesi kuifunga Jupiter ya Kirusi katika Leica kwa pete ya skrubu. Itaingia, na kwa mbali itafanya kazi njema, lakini vipimo vya mafundi wa nchi hizo mbili havikulingana sawasawa, na kwa karibu, penye tundu kubwa, huweza kukosea.

Sisi tukaao kando ya ziwa tuna adui mwingine, nao ni unyevu. Kamera ikifungiwa katika mkoba wa ngozi ndani ya kabati, kuvu huota juu ya kioo kama mizizi ya mti na huenda ikala tabaka la lenzi. Iwekeni mahali pakavu penye hewa, au katika kopo lenye vifuko vya dawa ya kunyonya unyevu, na itoeni kila mwezi mkaitumie. Filamu na picha ziwekwe katika bahasha za karatasi, juu ya rafu na si chini ya kitanda. Ziwa lilipopanda mwaka 2021, na tena 2024, wengi wa waliohama ufukweni waliokoa magodoro. Waulizeni kama waliokoa picha.

Wenye simu nao hawakuachwa. Simu ya leo hupiga picha safi kuliko nyingi za kamera nilizozitaja, lakini ikianguka majini au ikiibwa, mwaka mzima wa nyumba hupotea kwa siku moja. Chagueni picha chache, zichapisheni, ziandikeni nyuma, mzitie katika bati.

Kipima-umbali cha Leica kimekwisha kunyooshwa na fundi mmoja wa Buyenzi, na wazee wamekubaliana kurudia shindano. Bibi ameweka sharti lake: hatakaa tena kivulini kupimwa kwa utepe kabla hajapewa picha yake ya mara ya kwanza. Alipoulizwa aitakayo ni ipi, akachagua ile ya hereni, kwa kuwa hereni alinunuliwa na marehemu mumewe.

Juma hili, msomaji mwema, fungua bati lako. Tazama ndani yake kama una picha ya mtu ambayo mwenyewe hajapata kuiona. Ukiikuta, lipa deni.